Bawaba ya Chini

...na mtu mwenye akili zake angeanza na bawaba ya chini, kisha ya kati, ya juu ikabaki mwisho inaushikilia mlango wakati wewe unapumua na kujipanga, hilo hata mimi msusi nalijua, lakini mume wangu ni fundi friji, na fundi friji akikutana na mlango anaanzia pale macho yake yalipoangukia, basi ya juu ikatoka, ya kati ikatoka, akajisifu weee, "umeuona mkono huo?", na sasa mlango mzima wa mama yangu umenilalia begani, shavu langu limebanwa kwenye mbao, na yeye yuko chini pale amelala kifudifudi kwenye kibaraza cha mama mkwe wake, makalio juu, majirani wanapita, ananiambia "shikilia hapohapo mke wangu, kidogo tu," hiyo kidogo tu nimeisikia tangu asubuhi, kidogo tu na skrubu inakataa, kidogo tu na bisibisi inateleza inalia kriii, anapuliza kutu, anafuta jasho, anajaribu tena, bisibisi yenyewe ya friji, nyembamba kama kijiti cha meno, nilimwambia aazime ya seremala akasema seremala ana milango ya watu wote leo na asingempa, jamani, na mama kimya, yaani hapo ndipo presha inaponipanda, mama kimya kabisa, amekaa ndani kwenye kiti chake cha mikono, ametuelekea, mikono ameificha chini ya shali, anatutazama kama mtu anayetazama wezi wasiojua kazi yao, hajasema ndiyo, hajasema hapana, hajafunga hata kimfuko kimoja, na huko barabarani kinyozi anapita na kile kipaza sauti chake, "Mlango chini, watu juu! Mlango chini, watu juu! Maji ya jioni ndiyo yenyewe, ndugu zangu, msiseme hamkuambiwa!", sauti imemkauka, tangu alfajiri anazunguka, kila siku mimi na yeye tunagombania vichwa vya mtaa huu lakini leo namhurumia, anatembea ndala moja imekatika anaiburuta, "Mama Nywele, mpo?" ananiita, nitamjibu vipi na mdomo uko kwenye mbao, nimepunga vidole, akaelewa, akapita.

"Utanimaliza au nipande hivihivi?" huyo ni mwalimu, mwalimu wa hesabu, yuko kwenye kigoda changu palepale kibarazani, nusu ya kichwa nimeisuka mistari imenyooka, nusu nyingine imesimama kama imeona jini, kazi ya mlango ilitukuta katikati, na yeye ndiye mwenye zamu ya kuwapokea watu kule juu shuleni, ndiye anayepanga nani alale wapi, sasa anasema wanafunzi wake wakimwona hivi hatapata heshima tena mpaka anastaafu, nikamwambia mwalimu, leo hakuna atakayetazama kichwa chako, akasema "wewe hujawafundisha wale," na kweli, nikacheka, nikamwahidi nitammalizia hukohuko ukumbini, na nimemuumiza kidogo asubuhi, nilimsuka nywele kavu, kopo langu la mafuta sikuliona, lile la kifuniko cha njano, huwa liko hapa kibarazani kwenye sanduku la machanuo na leo halipo, nikawatukana watoto moyoni, watoto wakishika kopo la mafuta wanapaka mpaka paka, lakini watoto wamepanda juu tangu jana, basi sijui, labda limebingirika, mtu ana mlango begani anawaza kopo la mafuta, akili ya binadamu hii, loo. "Umelegea upande wa kwako," fundi friji ananiambia, sijalegea, wewe ndiye umelegea, sisemi, nasukuma bega, mlango unatulia.

Wanapita hao, wanapanda na milango yao, huwa napenda kuwaona hata nikiwa na hofu, mlango wa buluu wa mshona viatu uko kichwani kwake na kwa mkewe, mkewe mfupi basi mlango umeinama mbele kama unatafuta kitu kilichodondoka, mlango wa kijani wa muuza mkaa uko kwenye mkokoteni na bibi yake amekaa juu yake kama bi harusi, anapunga mkono, "Mama yako bado?" ananiuliza kwa sauti ya mtaa mzima, bado, bibi, bado, na mgeni akitupita siku kama ya leo atadhani tumerukwa na akili, kwamba watu hawa badala ya kufunga nyumba zao na makufuli mawili mawili wanang'oa milango na kukimbia nayo, lakini sisi ndivyo tulivyojifunza, mlango ukifungwa maji yanausukuma, yakishindwa mlango yanasukuma ukuta, na ukuta wetu wa matofali ya kuchoma haubishani na bahari, ila nyumba ikiwa wazi maji yanaingia mbele yanatoka nyuma, yanakuachia tope, na tope linafagiliwa, halafu kule juu sakafu ya ukumbi ni baridi ya saruji, mwaka ule wa kwanza watoto walitoka na vifua, sasa tunaweka milango juu ya matofali, godoro juu yake, unalala kama mtu, na la tatu, hilo ndilo kubwa, nyumba isiyo na mlango haina cha kulindwa, hakuna anayesema nendeni tu mimi nabaki nichunge, unachunga nini, uwazi? na mwizi naye siku hiyo ana mlango wake wa kubeba. Tunacheka tukisema hivyo. Lakini tulilipata kwa uchungu neno hilo, na mlango uliotufundisha ndio huu umenilalia begani.

Hapa, karibu na jicho langu, hapa ndipo shoka lilipoingia, ubao wa sanduku la sabuni umepigiliwa juu yake, mama mwenyewe aliupigilia, rangi haikufanana na haifanani mpaka leo, mlango mpana huu, hakuna mpana kama huu mtaani, baba aliupima kwa kabati, alikuwa amemnunulia mama kabati la vioo na akaapa litaingia zima bila kuvunjwa miguu, basi akajenga mlango wa kabati, watu walimcheka, unaingiza ng'ombe au mke, akasema wote wawili, na akaufanya ufunguke kwa nje, eti ndani pabaki na nafasi, na madirishani akaweka nondo, alikuwa mtu wa kupenda vitu vyake, radio yake, kabati lake, cherehani ya mama, siku bahari ilipokuja bado nyumba yetu ilikuwa safu ya nyuma, mbele yetu palikuwa na nyumba, na mbele ya nyumba uwanja wa mpira, na mbele ya uwanja ndipo ufuko, nani angedhani, mama alitushika mikono mimi na dada, akamwambia twende, akasema "Tangulieni, nafunga nakuja," akafunga, hakuja, alibaki achunge, kwa sababu mafuriko ya kabla ya hapo watu walirudi wakakuta wameibiwa hata sufuria, basi akabaki, maji yakapanda nje ya mlango na mchanga ukajaa nje ya mlango, na mlango unafunguka kwa nje, na madirisha yana nondo... asubuhi mshona viatu na wenzake ndio waliopiga shoka, walimtoa, wakamlaza juu ya mlango wake mwenyewe, wakampandisha nao mlimani, mama alitembea nyuma ya mlango huo, mimi nilishika kona ya gauni lake, nilikuwa namwona baba unyayo tu. Na ulipomaliza kazi hiyo mama aliuomba urudishwe, watu walishangaa, akaununulia bawaba mpya, akausimamisha palepale, hajawahi kueleza, na sisi hatujawahi kumwuliza, ila mlango huu umepanda mlima mara moja tu maishani mwake.

"Shuka kidogo," ananiambia, nishuke wapi, "bega lishuke, mlango unabana skrubu," nashusha bega, mbao inanikwaruza, kriii tena, "ah!", kichwa cha skrubu kinalika, nasikia kwa sauti yake kwamba anaanza kuogopa, hatasema mbele ya mkwewe, ni mtu wa haya mno kwa mama, miaka yote hii bado anamwongelea akitazama vidole vya miguu, asubuhi nilimwambia wewe mwambie akasema "mimi? nimwambie mama nini?", ndiyo maana nikasema mimi, na nikasema vibaya, najijua, niliingia na sauti juu kama mpiga mnada, mama leo hakuna mchezo, mama leo hakuna sitoki, mama safari hii hata ukilia unapanda, na yeye akanitazama, akavuta shali, akanyamaza, tangu hapo ndiyo hivi, kwa sababu mwaka jana alikataa, alikaa kwenye kiti hichohicho akasema "Sitoki, na mlango wangu hautoki," nikapiga magoti, wapi, mwisho nikabaki naye, nikawaacha wanangu kule juu na baba yao, nikakaa na mama nasikiliza upepo unavyochezea bati, dhoruba ikapita pembeni, haikutugusa, asubuhi akanionyesha sakafu kavu, "Umeona? Hata unyayo sijalowa," akachemsha chai kama kawaida, na mimi nilikuwa sijafumba jicho, nilikuwa nimehesabu matofali yote ya ukuta wa jirani kwa mwanga wa tochi, na binti yangu mdogo kule juu akaanguka kutoka kwenye mlango mwembamba wa watu, akavimba paji la uso.

Mwaka huu haitapita pembeni, wamesema hivyo redioni na wale wa kituo cha hali ya hewa wamekuja wenyewe kuzungumza na kamati ya mtaa, na isitoshe ni bamvua, yale maji ya mwezi mpevu yanayojaa kuliko siku zote, dhoruba juu ya bamvua, na sasa hatuna nyumba za mbele, zimekwenda, moja baada ya nyingine, uwanja wa mpira umekuwa ufuko na ufuko umekuwa bahari, nyumba ya mama haijasogea hata hatua moja, bahari ndiyo imetufuata, nikigeuza jicho hili moja lisilobanwa naiona, imelala tu, inang'aa, mtu ungesema haina neno na mtu, na kabla yake naona mikoko yetu, tuliipanda wenyewe, kina mama wote wa mtaa, tope mpaka mapajani, tukiimba nyimbo zisizo na adabu, mikoko imefika magotini, ni mizuri, ina majani ya kung'aa kama imepakwa mafuta, watoto wangu wakiwa wazee itakuwa ukuta, lakini leo iko magotini, mwaka huu bado sisi ndio tunaoilinda yenyewe, tumeifungia magunia ya mchanga mbele yake, hebu fikiria, nampenda mtu aliyewaza hivyo, tunailinda leo ije kutulinda... "Mwambie mama asogee kidogo, skrubu ikiruka itamfikia," nani amwambie, mwambie mwenyewe, mama amesikia, hajasogea.

Mpango upo, mimi na mume wangu tuliusema jana kwa kunong'ona tukiwa jikoni, mlango ukishatoka tunambeba na kiti chake, yeye nyuma mimi mbele, mshona viatu atasaidia, tunambeba mzimamzima kama alivyo, akipiga kelele apige, akinilaani anilaani, nitaomba radhi tukiwa pakavu, na nikijiuliza kweli naweza, mikono hii, mikono niliyofundishwa na yeye kusuka, kichwa changu kati ya magoti yake, "tulia, usipotulia utaonekana kama fagio," nimshike kwa nguvu nimwinue mbele ya mtaa, mwanamke aliyetulea peke yake kwa cherehani iliyoingia maji, ataniangalia vipi, nitamwangalia vipi, roho inaniuma nikiwaza, na nikiwaza nimwache inaniuma zaidi, kwa sababu akibaki nitabaki, najijua, sitapanda mlima na kumwacha kwenye nyumba ambayo imeshamchukua mtu mmoja wa kwetu, na nikibaki mimi, huyu hapa chini naye atabaki, mwaka jana alipanda kwa ajili ya watoto tu, safari hii wametangulia, yuko hivyo, atajifanya anarekebisha kitu, na wanangu watakuwa juu pale kwenye mlango wa watu wanasikiliza upepo kama nilivyousikiliza mimi, yaani mama mmoja akikaa kitini nyumba nzima inazama, hilo ndilo nililotaka kumwambia asubuhi, hilo tu, kwa upole, nikiwa nimemshika mkono, badala yake nikaingia kama mpiga mnada... jana binti yangu mdogo, wakati wanapanda na dada yake, alikuja kumuaga bibi yake akang'ang'ania, sikusikia walichokuwa wanaongea, nilikuwa nafunga magodoro, nilisikia tu analia anasema mpana, mpana, nikamwambia nyamaza panda, hakuna muda wa mpana, akapanda anaangalia nyuma.

Na harufu hii ya mafuta, tangu nimewekwa hapa nasikia harufu ya mafuta yangu ya nywele, nilidhani ni mikono, mikono yangu huwa inanukia hivyo hata nikikanda unga, mume wangu anasema chapati zetu zina kichwa, lakini leo nimesuka nywele kavu, leo mikono inanukia uzi na jasho, hebu, nageuza uso kidogo, "usitikisike!", sijatikisika, natazama tu, na shavu langu linateleza, mbao inateleza, kuna utelezi hapa, mstari mmoja unashuka kutoka kwenye bawaba ya juu, mwembamba, unang'aa, umeteremka kwenye mbao mpaka kwenye kile kipande cha sanduku la sabuni ukasimama, nimeupangusa na shavu bila kujua, nainua jicho, bawaba ya juu inang'aa, matundu ya skrubu yanang'aa, na ya kati, napeleka macho chini, ya kati vilevile, imelowa, imepakwa ikalowa, na ndiyo maana zilitoka, zilitoka kama pini zinavyochomoka kwenye nywele, na huyu akajisifu mkono, mkono gani, mtu ameamka alfajiri kabla yetu akaja hapa na kopo la kifuniko cha njano akapaka kila skrubu aliyoifikia, akaacha ikanywa mafuta, na ya chini ni kavu, ya chini ina kutu kama ilivyozaliwa, kwa nini mtu apake mbili aache ya tatu, kwa nini... magoti. Mama hainami. Tangu mwaka juzi mama akidondosha sindano anaiita kwa jina mpaka mtu apite amwokotee.

Mama.

Nimesema kwa sauti au sikusema, nimesema, kwa sababu mwalimu amegeuka na nusu kichwa chake, na fundi friji amesimamisha bisibisi, na mama kutoka kitini anasema, sauti yake ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza kama maji yamechemka, "Nini?", nikasema mama, umepaka mafuta, akasema "Nani mwingine angepaka, nyie mna mafuta ya kuuza na hamna ya kupaka," nikasema mama lakini hukusema, tangu asubuhi hukusema, na yeye, "Hukuniuliza. Umeingia unanipigia kelele kama mimi kiziwi. Sitoki nilisema mwaka jana. Mwaka huu kuna aliyeniuliza?" na kweli hakuna, hakuna aliyemwuliza, tumepanga mpaka nani ashike mguu gani wa kiti na hatukumwuliza, nataka kucheka na nataka kulia na siwezi chochote kati ya hivyo nikiwa na mlango begani, machozi yanashuka kwenye mbao yanafuata mstari wa mafuta, nayaacha, anasema "Mtoto ameniomba jana. Ameniambia, bibi, mlango wako ndio mpana, tukilala huo hakuna atakayeanguka. Sasa mtoto nimjibu nini? Nimwambie mlango huu una mambo yake?" Nasikia kiti kinalia, anajiinua, magoti yanalia naye, mikono imetoka chini ya shali na kopo langu liko mkononi mwake, limeshikwa kwa mikono miwili, na chini ya kiti, nyuma ya miguu yake, palipokuwa na giza, kuna mfuko, umefungwa, umefungwa vizuri kabisa na juu yake kimefungwa kile kiradio cha baba, anakuja polepole mpaka mlangoni, anagusa mlango kwa upande wake wa ndani, mimi niko upande wa nje, kati yetu ni mbao tu, anasema, si kwangu, nadhani si kwangu, "Ulipanda na maiti wewe. Leo utapanda na watoto." Basi. Mwalimu ameinamisha kichwa, upande uliosukwa na usiosukwa.

Anaweka kopo kizingitini, hainami, analishusha kwa ncha ya vidole mpaka linaanguka lenyewe, "Paka huko chini, baba. Huko mimi sijafika," na mume wangu, akitazama vidole vyake vya miguu hata akiwa amelala, anasema "Asante, mama," naye anamwambia "Na ukae vizuri, watu wanapita," mwalimu anapasuka kicheko, mimi nacheka mpaka mlango unatikisika, "shika! shika!", nimeshika, anapaka, harufu inapanda, nzuri, ya kazi yangu, ya vichwa vyote nilivyopita, mama amesimama palepale ameegemea mwimo anampa maelekezo, siyo hivyo, iache kwanza inywe, una haraka gani, na kule mbali kinyozi na kipaza sauti chake, mlango chini, watu juu, na jua bado liko juu, na bahari imelala vilevile inajifanya haina neno, najua inakuja, itaingia humu ndani jioni itatembea chumba kwa chumba, itakuta uwazi, itaacha tope, nami nitakuja nifagie, mlango uko vilevile begani, mzito vilevile, skrubu ya kwanza haijasogea hata kidogo, lakini tayari nauona unavyopanda, mshona viatu mbele, huyu nyuma, mama pembeni anatukosoa njia nzima, kushoto, kulia, mtaugonga, na mtoto wangu mlangoni mwa ukumbi anaruka juu juu, mpana, mpana, "kidogo tu, mke wangu," anasema fundi friji, chukua muda wako, baba, nimeushika.